Saa za mkosi: Jinsi Wahindu walio ughaibuni wanavyokokotoa Rahu Kalam

Na MWANDISHI WETU

MWENYE nyumba jijini Nairobi aliyekubaliana na mpangaji wa asili ya Kihindi huenda akashangaa siku ya kukabidhi funguo. Mkataba umeandikwa, mashahidi wamefika na fedha zipo, lakini mpangaji anatazama saa yake na kuomba asubiriwe kidogo. Si kwamba amebadili nia. Anangoja saa ya mkosi ipite.

Saa hiyo huitwa Rahu Kalam kusini mwa India, na Rahu Kaal kaskazini mwa nchi hiyo. Ni kipindi cha kila siku ambacho, kwa mujibu wa unajimu wa Kihindu uitwao Jyotisha, si vyema kuanza jambo jipya. Miongoni mwa mambo yanayoepukwa ni kufunga safari, kufungua biashara, kuhamia nyumba, kununua gari, kufunga ndoa na kutia sahihi mkataba. Kazi iliyokwisha kuanzwa huendelea bila wasiwasi. Linalokatazwa ni kuanza.

Katika jimbo la Tamil Nadu hakuna anayehitaji kuikokotoa. Kalenda za kuchanwa karatasi moja kila siku huining'iniza ukutani pamoja na tarehe. Tatizo humkabili yule aliyehamia London, Toronto au Nairobi, akaibeba kalenda hiyo sandukuni na kuitundika jikoni kwake. Saa zilizoandikwa humo ni za jua la Chennai, ilhali yeye sasa anaishi chini ya jua jingine.

Rahu ni nani?

Masimulizi ya Kihindu yanaeleza kwamba miungu na majitu waliisukasuka bahari ya maziwa ili kupata amrita, kinywaji cha kutokufa. Jitu mmoja aitwaye Svarbhanu alijibadili sura, akaketi miongoni mwa miungu na kunywa. Jua na Mwezi wakamtambua na kumsengenya kwa Vishnu, naye akamkata kichwa. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kuonja kinywaji hicho, hakufa. Kichwa kikawa Rahu, na kiwiliwili kikawa Ketu. Tangu hapo Rahu huwawinda Jua na Mwezi na kuwameza, na ndipo kupatwa kwa jua au mwezi hutokea.

Kwa lugha ya falaki, Rahu na Ketu si nyota wala sayari. Ni sehemu mbili angani ambapo njia ya mwezi hukatana na njia ya jua. Kupatwa hutokea tu wakati jua na mwezi wamekaribia sehemu hizo. Kwa hiyo, hata anayeyaona masimulizi hayo kuwa hadithi tu hana budi kukiri kwamba waliounganisha Rahu na kupatwa walikuwa wamelichunguza anga kwa makini.

Siku hugawanywa mara nane

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua muda kutoka macheo hadi machweo, uugawe katika sehemu nane zilizo sawa. Kila sehemu ni thumuni ya mchana, neno ambalo Wakenya wengi wanalijua kwa sarafu ya senti 50, nusu ya shilingi, lakini ambalo maana yake ya asili ni moja ya nane. Kila siku ya juma ina thumuni yake ya Rahu:

Jumatatu: sehemu ya 2
Jumamosi: sehemu ya 3
Ijumaa: sehemu ya 4
Jumatano: sehemu ya 5
Alhamisi: sehemu ya 6
Jumanne: sehemu ya 7
Jumapili: sehemu ya 8

Sehemu ya kwanza ya mchana haimo kamwe. Ndiyo sababu baadhi ya familia hupenda kuanza mambo yao mara tu jua linapochomoza.

Jua likichomoza saa 12:00 asubuhi kamili na kutua saa 12:00 jioni, kila thumuni huwa dakika 90. Hapo hupatikana saa ambazo wengi wamezihifadhi moyoni: Jumatatu saa 1:30 hadi 3:00 asubuhi, Jumamosi saa 3:00 hadi 4:30, Ijumaa saa 4:30 hadi 6:00, Jumatano saa 6:00 hadi 7:30 mchana, Alhamisi saa 7:30 hadi 9:00, Jumanne saa 9:00 hadi 10:30, na Jumapili saa 10:30 hadi 12:00 jioni.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Saa zetu huhesabiwa tangu kucha, kwa hivyo saa 1:30 maana yake ni saa moja na nusu baada ya macheo, yaani thumuni moja imekwisha na ya pili inaanza. Anayetumia saa za Kizungu huambiwa 7:30, na nambari hiyo haimkumbushi kwamba hesabu ilianzia kwenye jua.

Makosa mawili ya ughaibuni

Kosa la kwanza ni kugeuza saa za India kuwa saa za nchi ya ugenini. Wakati wa kiangazi, London iko nyuma ya India kwa saa nne na nusu. Rahu Kalam ya Jumatatu ya saa 1:30 hadi 3:00 asubuhi ingegeuka kuwa saa 9:00 hadi 10:30 usiku. Lakini Rahu Kalam hii ni sehemu ya mchana, na saa hizo jua la London bado halijachomoza hata mwezi Juni. Huko New York hata siku yenyewe hubadilika: Chennai ikiwa Jumatatu asubuhi, New York bado ni Jumapili usiku.

Kosa la pili ni kuzichukua saa zile za kukariri jinsi zilivyo na kuzifuata kwenye saa ya ukutani ya mahali ulipo. Kosa hili ni la hatari zaidi kwa mwenye imani, kwa sababu linafanana na ukweli.

Tutazame London karibu na tarehe 21 Disemba. Jua huchomoza saa 2:04 asubuhi na kutua saa 9:53 alasiri. Mchana wote ni saa 7 na dakika 49, na thumuni moja haifiki hata saa nzima. Ni kama dakika 59. Rahu Kalam ya Jumatatu basi huanza takriban saa 3:03 na kwisha saa 4:01 asubuhi. Mtu aliyeahirisha kutia sahihi kutoka saa 2:00 hadi saa 3:15 kwa kufuata kalenda ya nyumbani atakuwa amepoteza muda wake, na papo hapo kujiingiza katika saa ile ile aliyokuwa akiikimbia. Jumapili ni mbaya zaidi: kipindi halisi ni saa 8:54 hadi 9:53 alasiri, ilhali saa za kukariri, 10:30 hadi 12:00 jioni, zote zimeangukia gizani.

Karibu na tarehe 21 Juni mambo hugeuka. Jua huchomoza saa 10:43 alfajiri na kutua saa 3:21 usiku. Thumuni moja hurefuka hadi takriban saa 2 na dakika 5. Rahu Kalam ya Jumatatu huwa saa 12:48 hadi 2:53 asubuhi, na ya Jumapili saa 1:16 hadi 3:21 usiku, wakati watoto wangali wakicheza nje kwenye mwanga.

Anayeishi ughaibuni kwa hivyo anahitaji mambo matatu tu: saa ya macheo ya mji wake siku hiyo, saa ya machweo, na siku ya juma ya mahali alipo. Akitumia macheo na machweo kama yanavyosomwa kwenye saa ya huko, hana haja ya kuongeza wala kupunguza chochote saa zinaposogezwa mbele mwezi Machi na kurudishwa mwezi Oktoba.

Aidha, siku ya Kihindu huanza macheo, si usiku wa manane. Saa 10:00 alfajiri ya Jumanne, kwa hesabu hiyo, ingali Jumatatu.

Hali ilivyo Kenya

Kwa kuwa Kenya imekatwa na Ikweta, mchana wetu haubadiliki sana. Jijini Nairobi huwa saa 12 na dakika chache mwaka mzima, na thumuni ni kama dakika 91. Hata hivyo, jua la Nairobi halichomozi saa 12:00 kamili. Mwezi Juni huchomoza takriban saa 12:32 asubuhi, hivyo Rahu Kalam ya Jumatatu huangukia saa 2:03 hadi 3:34. Aidha, jua la Kisumu huchelewa takriban dakika 20 nyuma ya lile la Mombasa, ijapokuwa miji yote miwili hutumia saa moja.

Inafaa kukumbuka pia kwamba si Wahindi wote wanaoijali Rahu Kalam. Miongoni mwa Wakenya wa asili ya Kihindi wamo Waislamu, Masingasinga, Wajaini na Wakristo. Wahindu wengi wa hapa wana asili ya Gujarat, ambako hutumika zaidi utaratibu wa Choghadiya. Huo nao hugawa mchana katika sehemu nane, na usiku vile vile. Sehemu ziitwazo Amrit, Shubh na Labh huhesabiwa kuwa njema, Chal hufaa kwa safari, na Udveg, Rog na Kaal huepukwa. Kanuni ya ughaibuni ni ile ile: macheo na machweo ya mahali ulipo.

Kusini mwa India, kalenda huonyesha pia vipindi vingine viwili kwa njia hiyo hiyo ya thumuni. Yamagandam huepukwa kama Rahu Kalam. Gulika huaminiwa kulifanya tendo lijirudie, ndiyo maana mazishi hayafanywi wakati huo, ilhali kununua mali huonekana kuwa jambo jema.

Hesabu inapogonga ukuta

Iko miji ambako kanuni hii hukwama. Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halitui kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi takriban 22 Julai, na katikati ya majira ya baridi halichomozi kwa wiki kadhaa. Pasipo macheo wala machweo, hakuna cha kugawa kwa nane.

Siku hizi programu za simu hukokotoa haya yote kwa sekunde. Hata hivyo, mtumiaji ahakikishe kwamba mji uliowekwa ndani yake ni ule anaoishi, wala si ule alikozaliwa. Baadhi ya waandalizi wa kalenda huhesabu macheo tangu ukingo wa juu wa jua uonekane, wengine tangu nusu yake ichomoze. Tofauti ni ya dakika chache, hivyo ni busara kuacha nafasi kidogo pande zote mbili.

Kuhusu iwapo saa hizo huleta mkosi kweli, sayansi haijathibitisha lolote. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson wa Marekani, ambamo wanajimu wa Magharibi walishindwa kuoanisha nyota za watu na tabia zao kwa kiwango kinachozidi kubahatisha. Mwenye imani ataendelea kuamini, na asiyeamini hatashawishika.

Lakini wote wawili wanaweza kukubaliana juu ya jambo moja. Usaili wa kazi hauahirishwi mara mbili, na tikiti ya ndege hupita na saa yake. Mwenye kutaka kuzikwepa saa hizo na azikwepe kwa jua linalomwangaza pale alipo. Akifuata kalenda ya ukutani iliyotoka ng'ambo, atakosa miadi na Rahu Kalam bado itamkuta.