Jazz ya Babu: Mashabiki Ndio Waliobeba Bendi

Muulize kijana wa mjini jazz ni nini, atakutajia saksafoni, suti nyeusi na taa hafifu za hotelini. Muulize mzee wa Muze, kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa, atakujibu bila kufikiri: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na mzee hajakosea.

Enzi za mkoloni neno "jazz" kwenye jina la bendi lilimaanisha usasa tu. Gitaa, tarumbeta, watu wamevaa vizuri, wawili wawili wanacheza dansi. Muziki wenyewe ulikuwa rumba na cha-cha, uliotokana na santuri za Cuba zilizoanza kuingia Afrika Mashariki miaka ya 1930. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu 1932. Morogoro Jazz ikafuata 1944. Western Jazz ilianzishwa Dar mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, na jina lile lilikuwa tangazo tosha: watu wa magharibi mpo mjini, bendi yenu hii hapa.

Hapo ndipo penye utamu. Bendi nyingi za mwanzo zilikuwa vilabu kwanza, muziki baadaye. Kabla yake kulikuwa na ngoma ya beni, na vyama vyake vilishindana mtaa kwa mtaa kwa sare na maringo. Klabu za dansi zikarithi tabia hiyohiyo. Kulikuwa na wanachama na viongozi, michango, ugomvi wa hapa na pale. Mwanachama ambaye hajui hata kushika gitaa alikuwa na haki ya kusema "bendi yetu", maana gitaa lenyewe lilinunuliwa kwa hela yake.

Mwaka 1964 mambo yakabadilika. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaanzisha NUTA Jazz na kuwalipa wanamuziki mshahara kama waajiriwa wengine. Polisi wakawa na bendi, JKT wakawa nayo, Umoja wa Vijana ukaja na Vijana Jazz. Mshahara wa uhakika ulikuwa neema, lakini vyombo ni vya mwajiri. Ukiondoka, unaondoka na sauti yako na vidole vyako, basi.

Na wakaondoka kweli, usajili kama wa mpira! Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Mwaka 1985 Orchestra Safari Sound ikawanyakua nyota kadhaa wa Mlimani Park, akiwemo Muhiddin Maalim, na mtindo mpya wa Ndekule ukazaliwa. Mashabiki nao wakagawanyika, huyu Msondo, yule Sikinde, utani wa Simba na Yanga ukahamia ukumbini. Shabiki alilipa kiingilio, akasogea jukwaani kumtuza mpiga solo noti mbele ya watu, na Jumamosi inayofuata akarudi tena. Hakuna mtandao wa kumlipa msanii kwa kubofya. Ukimpenda, unakwenda.

Wa Muze angekwenda wapi? Kumbi kubwa zilikuwa Dar, safari ya siku kadhaa. Kwake bendi ilikuwa redio. Radio Tanzania ilizirekodi bendi kwenye studio yake, na kwa nyimbo nyingi kanda zile ndizo kumbukumbu pekee iliyobaki. Yaani mtu angeweza kuwa shabiki wa bendi maisha yake yote bila kumwona hata mpiga ngoma wake. Akajua mtindo wa Saboso ni wa Western na Segere Matata ni wa Tabora, akabishana kilabuni mpaka usiku, akinunua betri kwa hela ya mahindi. Huo nao ni mchango, hata kama hakuna klabu iliyouandika kwenye daftari.

Western haipo tena. Tabora na Morogoro zimebaki kwenye kanda. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Ile NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Waajiri wamekuja na kuondoka, vyombo vimebadilishwa, waimbaji wa mwanzo wamezikwa, na wanaolipa mlangoni bado wanaiita bendi yetu.