Kupandisha Dau kutoka Nafasi ya Mwanzo katika Pokeri

Katika Texas Hold'em, anayekaa kushoto kwa mwenye dau kubwa la lazima ndiye huamua kwanza baada ya karata mbili za siri kugawiwa. Kwenye meza ya watu tisa, wanane hawajasema neno. Idadi hiyo, kuliko ujasiri wa mchezaji, ndiyo ipime ni mara ngapi apandishe dau.

Zichukuliwe karata zilizo katika asilimia 5 bora. Uwezekano kwamba angalau mmoja wa wanane anazo ni karibu asilimia 34. Meza ikiwa ya watu sita, unashuka hadi 23. Kwa mgawaji, ambaye amebakiwa na wapinzani wawili tu wengine wakishajitoa, haufiki hata 10.

Hesabu ya kunyakua madau ya lazima ni kali zaidi. Dau kubwa likiwa 1 na dogo nusu, anayepandisha hadi 2.5 huhatarisha 2.5 ili apate 1.5. Kama karata zake hazina thamani yoyote, hapati faida mpaka wote wajitoe zaidi ya mara 62.5 katika 100. Hata kila mmoja wa wanane akijitoa mara 94 katika 100, jambo ambalo mwenye dau kubwa halifanyi kamwe, wote kwa pamoja hujitoa mara 61 tu. Mgawaji hutosheka wawili wake wakijitoa mara 80 kila mmoja. Basi anayetangulia hawezi kutegemea woga wa wenzake. Karata zenyewe lazima zijilipie.

Mikono ya karata mbili iko 1,326. Uteuzi wa busara kwenye meza ya tisa ni jozi kuanzia saba. Ree na kumi au zaidi za jamii moja. Mfalme na malkia, mfalme na ghulamu, malkia na ghulamu, pia za jamii moja. Na ree na mfalme au malkia za jamii tofauti. Jumla ni mikono 100, yaani asilimia 7.5. Wakiwa sita, zikiongezwa jozi ndogo, ree zote za jamii moja na nyingine chache, hufika 202, asilimia 15. Anayetaja asilimia bila kutaja idadi ya wachezaji hajasema kitu.

Ree na kumi za jamii tofauti hupendeza macho, lakini hutupwa: anayekubali dau la mtu wa kwanza mara nyingi ana ree yenye mwenzi mkubwa zaidi. Isitoshe, katika duru zinazofuata wenye madau ya lazima tu ndio hutangulia kuamua. Wengine wote humsubiri huyo mtu wa kwanza ajifichue.

Kulipa dau kubwa bila kupandisha si njia ya kukwepa hasara hiyo. Pluribus, programu ya Noam Brown na Tuomas Sandholm iliyotangazwa mwaka 2019, ilijifunza kwa kucheza dhidi ya nakala zake na ikaiacha desturi hiyo, isipokuwa kwa mwenye dau dogo.

Kiingilio cha kila mkono, cha kawaida katika mashindano, hulegeza masharti. Kikiongeza 1 mezani, kiwango cha kujitoa kinachohitajika hushuka hadi asilimia 50, na mikono kadhaa iliyokuwa ukingoni huanza kulipa.