Safu ya ushauri

Safu ya ushauri ni sehemu ya gazeti, jarida, kipindi cha redio au tovuti ambamo mshauri hujibu hadharani maswali yanayotumwa na wasomaji au wasikilizaji. Maswali hayo huhusu maisha ya kila siku: mapenzi na ndoa, malezi, chakula na afya, kazi, fedha, na namna ya kuishi vizuri na majirani. Kwa kawaida jina la muulizaji halitajwi, na mara nyingi mshauri naye hutumia jina la kubuni.

Safu hiyo ni tofauti na ukurasa wa barua kwa mhariri. Katika barua kwa mhariri msomaji husema kwa jina lake juu ya mambo ya umma. Katika safu ya ushauri mtu huficha jina lake ili aweze kusema jambo la siri. Jibu huelekezwa kwa mtu mmoja, lakini husomwa na maelfu, na baadhi yao wana shida ileile ila hawakuthubutu kuandika.

Muundo

Safu nyingi hufuata mpangilio mmoja. Kwanza huja barua ya muulizaji, ambayo mhariri huifupisha na kuisahihisha lugha. Kisha huja jibu la mshauri, kwa kawaida la aya moja au mbili. Barua hutiwa sahihi ya mafumbo, kwa mfano "Mwenye mashaka", au jina la mji peke yake. Katika magazeti ya Kiswahili barua nyingi huanza kwa salamu, kama vile "Shikamoo Shangazi", kwa sababu mshauri huchukuliwa kama mkubwa wa ukoo hata kama hakuna anayemfahamu.

Barua zinazochapishwa ni chache kuliko zinazopokelewa. Mhariri huchagua zile zinazowagusa watu wengi, au zile zenye kisa cha kushangaza. Baadhi ya magazeti huwajibu waliobaki kwa barua binafsi.

Historia

Mwanzo nchini Uingereza

Safu ya ushauri ilianza katika mji wa London mwishoni mwa karne ya 17. Mwaka 1691 muuza vitabu John Dunton alianzisha gazeti la Athenian Mercury, ambalo karibu lote lilikuwa maswali ya wasomaji na majibu yake. Barua ziliachwa katika nyumba ya kahawa, mahali ambapo watu wa mji walikutana kusoma habari na kuzungumza. Majibu yalidaiwa kutolewa na chama cha wataalamu wengi, lakini kwa kweli waandishi walikuwa wachache tu. Miongoni mwao walikuwa Dunton mwenyewe, mwanahisabati Richard Sault, na kasisi Samuel Wesley, baba wa John Wesley aliyeanzisha Umetodisti.

Wasomaji waliuliza kila kitu: dini, nyota, magonjwa, na kama ni halali kuvunja ahadi ya ndoa. Wanawake pia waliuliza, na mwaka 1693 lilitoka gazeti lao, The Ladies' Mercury, lililodumu kwa matoleo manne tu. Athenian Mercury yenyewe ilikoma mwaka 1697. Baadaye mwandishi Daniel Defoe aliweka sehemu ya maswali na majibu katika gazeti lake la Review, lililotoka kuanzia mwaka 1704 hadi 1713.

Marekani

Katika karne ya 19 magazeti ya miji mikubwa yalishindana kupata wasomaji wanawake, na safu ya ushauri ikawa njia mojawapo. Elizabeth Meriwether Gilmer (1861-1951) alianza kuandika kwa jina la Dorothy Dix katika gazeti la mji wa New Orleans katika miaka ya 1890. Kwa muda wa nusu karne alisomwa katika nchi nyingi. Huko Australia jina lake liliingia hata bungeni: swali ambalo mbunge wa chama tawala humwuliza waziri wake kwa mpango, ili waziri apate nafasi ya kujisifu, huitwa kwa jina la Dorothy Dix. Asili yake ni tetesi kwamba mwandishi huyo alijitungia maswali mwenyewe.

Mwaka 1898 Marie Manning alianzisha safu katika New York Evening Journal kwa jina la Beatrice Fairfax. Jina la kwanza alilitoa kwa Beatrice wa mshairi Dante, na la pili katika wilaya ya Fairfax, jimbo la Virginia, ambako familia yake ilikuwa na mali.

Safu iliyogusa maisha ya watu maskini zaidi ilikuwa A Bintel Brief, maana yake "furushi la barua". Ilianza Januari 1906 katika gazeti la Forverts la New York, lililoandikwa kwa Kiyidi chini ya mhariri Abraham Cahan. Wasomaji wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya ya Mashariki. Waliuliza juu ya mishahara midogo viwandani, migomo, waume waliotoroka wakaacha watoto, na wazazi waliobaki ng'ambo. Wengi wao walikuwa mbali na wazee ambao wangewauliza kama wangekuwa nyumbani, na kwao gazeti lilishika nafasi ya wazee hao.

Mapacha wawili

Safu ya Ann Landers ilianza mwaka 1943 katika mji wa Chicago ikiandikwa na muuguzi Ruth Crowley. Alipofariki mwaka 1955, nafasi yake ilichukuliwa na Esther Lederer, aliyeendelea hadi alipofariki mwaka 2002. Inasimuliwa kwamba katika jaribio la kuomba kazi alipewa swali juu ya mti wa jirani unaodondosha kokwa upande wa pili wa mpaka. Hakukisia jibu, bali alimpigia simu William O. Douglas, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Desturi hiyo ya kuwauliza wataalamu na kuwataja ilikuwa msingi wa sifa yake.

Pacha wake, Pauline Phillips, alianzisha safu nyingine mwaka 1956 katika San Francisco Chronicle kwa jina la Abigail Van Buren. Ushindani huo uliwafarakanisha kwa miaka kadhaa kabla ya kupatana. Wanawake hao wawili waliowashauri watu juu ya ugomvi wa kifamilia walikuwa na ugomvi wao wenyewe.

Nguvu ya safu hizo ilionekana mwaka 1971. Ann Landers aliwahimiza wasomaji wawaandikie maseneta kuunga mkono sheria ya kugharamia utafiti wa saratani. Barua zilimiminika kwa wingi, na sheria hiyo ilitiwa sahihi mwezi Desemba mwaka huohuo.

Afrika

Jarida la Drum lilianzishwa nchini Afrika Kusini mwaka 1951, na baadaye likawa na matoleo ya Afrika ya Magharibi na ya Mashariki. Safu yake iliyojulikana sana iliitwa Dear Dolly. Ingawa jina ni la kike na lilihusishwa na mwimbaji Dolly Rathebe, majibu mengi yaliandikwa na waandishi wa kiume. Vijana waliuliza juu ya uchumba, mimba kabla ya ndoa, na wazazi wanaopinga mchumba wa kabila lingine. Mwanahistoria Kenda Mutongi, mzaliwa wa Kenya, alichapisha mwaka 2000 utafiti wake juu ya barua hizo za miaka 1960 hadi 1980.

Nchini Uganda gazeti la Straight Talk lilianza mwaka 1993, wakati UKIMWI ulipokuwa ukiua watu wengi. Lilijibu maswali ya vijana juu ya mwili na mahusiano kwa lugha ya wazi. Nchini Tanzania jarida la Femina, lililoitwa baadaye Fema, lilianza mwaka 1999 na kusambazwa katika shule za sekondari, likiwa na kurasa za barua za wanafunzi. Nchini Kenya gazeti la Taifa Leo lina safu ya "Shangazi Akujibu".

Shangazi, somo na kungwi

Jina la "Shangazi" halikuchaguliwa kwa bahati. Katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki kuna mambo ambayo mtoto hawezi kuyazungumza na mzazi wake. Kazi hiyo alipewa mtu mwingine mzima. Kwa Wabaganda ni ssenga, yaani dada wa baba, anayemfundisha msichana kabla ya ndoa. Katika pwani ya Waswahili ni somo au kungwi, anayemfunda mwari faraghani. Wavulana walifundwa jandoni.

Mafunzo hayo yalidhoofika pale vijana walipokwenda shule za bweni na mijini, mbali na ukoo. Safu ya ushauri iliziba sehemu ya pengo hilo, lakini kwa tofauti tatu kubwa. Kungwi anamjua mwari na ukoo wake, ilhali mshauri wa gazeti anajua yaliyoandikwa tu. Kungwi husema faraghani, mshauri husema mbele ya watu wote. Tena kungwi hubaki karibu kuona matokeo ya ushauri wake.

Mipaka ya ushauri wa mbali

Chakula na afya

Kanuni za jumla zinaweza kutolewa kwa kila mtu bila madhara. Kwa mfano, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichozidi kijiko kimoja cha chai. Lakini ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumdhuru mwingine. Ndizi na maji ya madafu yana potasiamu nyingi: kwa mtu mzima wa afya ni vyakula vizuri, ila kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi, potasiamu inayozidi mwilini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Vilevile mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini akiambiwa aruke mlo ili apungue uzito, sukari yake ya damu inaweza kushuka hadi akazimia. Kwa hiyo mshauri mwangalifu huuliza kwanza kama mtu ana ugonjwa au anatumia dawa, na humwelekeza kwa daktari anayeweza kumpima.

Kazi

Maswali ya kazi huwa na tatizo la muda. Nchini Tanzania mfanyakazi anayeona ameachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kupeleka lalamiko lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Akiiandikia safu ya gazeti na kungojea jibu kwa wiki sita, muda wake umepita, naye hulazimika kuomba kwanza akubaliwe kuchelewa. Nchini Kenya muda wa kufungua kesi mahakamani chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ni miaka 3. Basi jibu lililo sahihi Nairobi linaweza kumpotosha msomaji wa Mwanza, ingawa wote wanasoma Kiswahili kilekile.

Maadili

Kanuni zinazokubaliwa na washauri wengi ni hizi:

Kuficha utambulisho. Kubadilisha jina peke yake hakutoshi. Katika mji mdogo, maneno kama "mwalimu mwenye watoto mapacha" yanatosha kumtambulisha mtu.

Kutongojea uchapishaji pale maisha yanapokuwa hatarini. Anayeandika kwamba anataka kujiua, au mtoto anayeeleza kwamba anadhulumiwa, anahitaji msaada siku hiyohiyo. Kwa watoto wa Tanzania na Kenya kuna namba ya simu ya bure 116.

Kukumbuka kwamba upande mmoja tu umesikika. Mume au mwajiri anayelaumiwa katika barua hakuulizwa.

Kusema wazi mshauri ana ujuzi gani. Claire Rayner, aliyekuwa mshauri mashuhuri katika magazeti ya Uingereza, alisomea uuguzi. Wengine ni waandishi wa habari tu.

Kukiri makosa katika safu ileile na kurekebisha jibu.

Ukosoaji

Lawama ya zamani kuliko zote ni kwamba barua hutungwa na wahariri. Ni vigumu kuithibitisha au kuikanusha, kwa kuwa siri ya muulizaji humlinda pia mtungaji. Lawama ya pili ni kwamba mshauri huwarudishia watu maoni ya wakati wake kana kwamba ni hekima ya milele. Safu nyingi za zamani zilimwambia mke anayepigwa avumilie, jibu ambalo leo lingehesabiwa kuwa la hatari. Lawama ya tatu ni kwamba shida ya mtu hugeuzwa kuwa burudani ya kuuzia gazeti.

Watetezi wanajibu kwamba kusoma shida ya mwingine humwonyesha mtu kwamba hayuko peke yake, na kwamba wapo wasio na mtu mwingine wa kumwuliza.

Intaneti

Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianzisha huduma ya Go Ask Alice! ya kujibu maswali ya wanafunzi juu ya afya, chakula na mahusiano. Ilikuwa kati ya huduma za kwanza za aina hiyo katika intaneti. Tangu hapo maswali yanaweza kujibiwa kwa saa chache badala ya majuma. Lakini mhariri aliyekuwa akisimama kati ya mshauri na msomaji mara nyingi hayupo tena, na mtu yeyote anaweza kujiita mshauri. Kazi ya kupima kama jibu linafaa imebaki kwa msomaji mwenyewe.

Umuhimu kwa historia

Kwa watafiti, safu za ushauri ni hazina. Sheria na hotuba huonyesha yale ambayo viongozi walitaka watu wafanye. Maswali ya wasomaji huonyesha yaliyowasumbua kweli. Hata kama jibu lilikuwa baya au barua ilitungwa, bado ilibidi iaminike kwa wasomaji wa siku ile, na hilo lenyewe ni ushahidi wa maisha yao.