Walimu wa Kiswahili Waliokwenda Ulaya Zamani

Mwezi uliopita alinijia hapa Likombe kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni mwalimu kamili. Amepata kazi ya kufundisha Kiswahili ng'ambo, akaja kuaga na kuuliza, "Mwalimu, nijiandae na nini?" Fikira zake zilikuwa juu ya koti na viatu vya baridi. Mimi sijapata kukaa ng'ambo. Basi nilimweleza habari za waliomtangulia, nazo ndizo ninazowaandikia wasomaji.

Sisi wa kusini twamkumbuka Padri Cecil Majaliwa, aliyesoma Canterbury, akaja kuhudumu Chitangali tangu 1886, akapewa upadri 1890. Lakini yeye alikwenda Uingereza kujifunza. Hawa nitakaowataja walikwenda kufundisha, na hilo ni jambo jingine, maana mwanafunzi hutazamiwa kurudi kwao, bali mwalimu ni mwajiriwa.

Mwaka 1887 Wadachi walifungua huko Berlin chuo cha lugha za mashariki. Mwalimu wao Carl Büttner, aliyekuwa mmisionari zamani, alihitaji mtu aliyeinyonya lugha kwa mama yake. Akaja Sleman bin Said mwaka 1889, na baada yake Amur bin Nasur, aliyefundisha 1891 hata 1895. Kazi yao ilikuwa kusoma kwa sauti, kuzungumza na wanafunzi, na kuandika habari za kwao. Sarufi ilikuwa ya Mdachi. Wengi katika wanafunzi hao walikuwa wakijitayarisha kuja kututawala, na kukaa katika maboma kama lile la Mikindani lililojengwa 1895.

Aliyeacha alama kubwa kuliko wote ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, mtu wa chuo cha Kurani, aliyefika Berlin mwaka 1900. Mzigo wake ulio bora haukuwa wa sandukuni. Alijua ndoa hufungwaje, mtoto hutiwaje jandoni, ngoma gani huchezwa na nani, maiti huoshwaje. Hayo akayaandika, yakapigwa chapa Göttingen mwaka 1903 pamoja na maandishi ya wengine, kwa jina la *Desturi za Wasuaheli*. Kitabu kilitoka kwa jina la Carl Velten, mkusanyaji. Jina la Mtoro halikuwekwa juu yake mpaka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotolewa mwaka 1981, yaani miaka 78 baadaye. Sisi tunaokusanya hadithi za wazee vijijini tungefaa kuikumbuka hesabu hiyo.

Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, binti wa Kidachi. Kazi ikamharibikia, akaiacha 1905, wakapanda merikebu kurudi kwao Mtoro. Serikali haikuwaruhusu kushuka. Ndio mwaka ule ule Vita ya Maji Maji ilipowaka na misheni ya Masasi kuchomwa moto. Basi mwana wa nchi akageuzwa baharini, huku nyumba za babaze zi karibu kuonekana. Akarejea Ulaya na mkewe, akafundisha Hamburg tangu 1909, kisha akawa akizunguka mijini kutoa hotuba za nchi yake. Akafa Berlin mwaka 1927.

Zamani Wayao na Wamakua wa huku hawakumwacha msafiri aondoke kabla mzee hajamimina unga shinani mwa mti na kuwataja marehemu wa ukoo. Waislamu wa pwani humsomea Fatiha na kumtolea sadaka. Na neno letu la kuagana ni "Nenda salama, urudi salama". Wazee hawakumwombea mtu kufika tu.

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akatoa mkataba wake, tukausoma pamoja barazani. Nauli ya kwenda imeandikwa wazi. Ya kurudi haikutajwa po pote, wala haikuandikwa ni nani mwenye masomo atakayoyatunga akiwa huko. Usiku ule ule tukaandika barua kuuliza mambo hayo mawili. Jibu halijafika bado. Koti amekwisha kununua.