Vazi la Heshima Lina Bei Gani?

Kila msimu wa mahafali, kadi za mwaliko wa dansi za wanafunzi hutaja vazi: suti kwa wanaume, gauni refu kwa wanawake. Asiyekuwa nalo hubaki nje. Wapo wanaolaumu ugeni. Lakini historia ya Mrima inatukumbusha kwamba sisi wenyewe tuliwahi kuweka mlango wa namna hiyo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeishi Bagamoyo, aliandika desturi za Waswahili katika kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903. Anaeleza kwamba hapo kale mtumwa hakuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Kofia, basi, haikuwa nguo tu. Ilikuwa hati ya uungwana. Ndiyo maana watumwa na wapagazi waliojipatia fedha walinunua nguo zile zile: walidai kwa vazi heshima waliyonyimwa kwa nasaba. Utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922. Leo kanzu na kofia huvaliwa na yeyote, wala hapana anayeuliza babu yake alikuwa nani.

Adabu ya kusalimia, kumpisha mgeni na kuchunga ulimi haina bei, suti inayo. Kamati za dansi na ziandike “vazi la heshima” tu, na kanzu safi au kitenge kilichopigwa pasi kipite. Aliyefaulu mtihani asifelishwe mlangoni kwa kukosa koti.