Kasongo hazeeki: orkestra zetu zilizoimbia ugenini, na kwa nini santuri zao za kwanza bado zinapigwa

Mwishoni mwa mwaka wa 2024 vijana wa Kenya walifufua wimbo uliochezwa na wazazi wao. Ni "Kasongo" wa Orchestra Super Mazembe, uliorekodiwa Nairobi katika miaka ya 1970. Ndani yake mwanamke anamlilia mume wake aliyeondoka arudi nyumbani. Vijana waliuchukua, wakafanya jina hilo kuwa la utani la Rais William Ruto, wakautia kwenye video fupi za TikTok. Muda si mrefu ulikuwa unalia kwenye matatu, kwenye harusi, na kwenye simu za watoto ambao hawakuwa wamezaliwa santuri ile ilipotoka. Kwa WhatsApp ukavuka mpaka ukafika hata huku kwetu.

Kuna jambo moja linanisumbua. Kijana wa hapa ukimuuliza, atakwambia ni wimbo wa Wakenya. Sivyo. Waliouimba ni watoto wa nchi yetu, na lugha ya wimbo ni Lingala. Hata jina lenyewe ni la kwetu: Kasongo ni jina la watu wengi wa mashariki na kusini mwa Kongo, na ni jina la mji wa Maniema, jimbo tunalopakana nalo. Wimbo umeturudia kama mgeni, nasi tukaupokea kama mgeni.

Leo basi ninaandika historia fupi ya orkestra hizo: zilikotoka, kwa nini ziliondoka, na kwa nini santuri zao za mwanzo zinaendelea kuwavuta watu baada ya miaka karibu hamsini.

Kwa nini walikwenda mashariki

Tuanze na ramani. Mwanamuziki wa Lubumbashi, Kindu au Bukavu aliyetaka kurekodi alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni Kinshasa: mbali sana, bila barabara ya kueleweka, na kule nafasi zimeshakaliwa na wakubwa kama Franco na Tabu Ley. Ya pili ni mashariki: Kampala, Dar es Salaam, Nairobi. Huko Dar es Salaam na Nairobi lugha ni Kiswahili, ambacho tayari unacho mdomoni. Na Nairobi ilikuwa na studio, viwanda vya kuchapa santuri na wafanyabiashara wa kuzinunua.

Njia hiyo haikuanza miaka ya 1970. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki kutoka Afrika Kusini, alimrekodi kijana mmoja mpiga gitaa huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Jina lake Mwenda Jean Bosco, na wimbo uliomtoa ni "Masanga". Aliimba Kiswahili cha Katanga, gitaa moja tu mkononi, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kutoka kwake. Waliofuata walipita njia iliyokwisha kupasuliwa.

Halafu siasa ikasukuma. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza Zairianisation. Maduka na mashamba ya wageni yakagawiwa watu, mengi yakafa mikononi mwao, na pesa ikapoteza nguvu. Bar isiyo na bia ya kuuza haiwezi kulipa orkestra. Magitaa yakafungwa juu ya malori.

Super Mazembe walianza mwaka wa 1967 kwa jina la Super Vox, kiongozi wao akiwa Mutonkole Longwa Didos. Walifika Nairobi mwaka wa 1974 na huko wakachukua jina jipya. Mazembe ni mashine kubwa za kuchimba na kusukuma udongo, jina la watu waliokuja kufanya kazi. Baba Gaston alifika Nairobi na orkestra yake, na mwaka wa 1976 sehemu ya vijana wake wakajitenga na kuunda Les Mangelepa. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipitia Kampala na kundi la Les Kinois, akaingia Nairobi mwaka wa 1977, kisha akaunda orkestra ambayo jina lake sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa: Virunga.

Dar es Salaam nako walikuwako. Orchestra Maquis du Zaïre walihamia huko, na Orchestra Makassy vilevile. Mwaka wa 1978 alijiunga na Makassy mwana wa Kindu, aliyezaliwa mwaka wa 1947, Remmy Ongala. Watanzania walimpenda hadi wakamwita Dokta. Alipofariki Desemba 2010 alizikwa Dar es Salaam, na wapo watu huku Kivu ambao hadi leo hawajui kwamba alizaliwa jirani yao.

Wakati uleule, kule Uingereza

Hapa nitawapeleka mbali kidogo, maana historia ya mtu huonekana vizuri ukiiweka kando ya ya mwenzake.

Miaka hiyohiyo, katika miji ya viwanda vya Uingereza kama Manchester na Leeds, vijana wasio na kazi wala pesa walikuwa wakiunda bendi. Kwanza ilikuja panki, muziki wa kelele na hasira. Kuanzia 1978 hivi ikafuata posti-panki: bendi kama Joy Division, Gang of Four, na Public Image Ltd ya John Lydon. Albamu ya kwanza ya Joy Division, "Unknown Pleasures", ilirekodiwa kwa siku chache za mwezi wa Aprili 1979, ikachapwa nakala 10,000 tu. Mwimbaji wao Ian Curtis alijiua Mei 1980, akiwa na miaka 23. Bendi ile iliacha albamu mbili basi. Lakini leo ukitembea mjini utamwona kijana amevaa fulana nyeusi yenye mistari meupe kama milima. Pengine ameinunua kwenye mitumba hapahapa Bukavu bila kujua ni nini. Ndiyo picha ya jalada la albamu ile.

Waandishi wa kule hawachoki kujiuliza kwa nini santuri hizo za mwanzo zinadumu. Nami nimegundua kwamba swali lao na letu lilikutana mlango mmoja. Kampuni ya Virgin ya London, iliyotoa santuri za Public Image Ltd, ndiyo iliyotoa "Agwaya" ya Orchestra Makassy mwaka wa 1982, kisha "Kaivaska" ya Super Mazembe. Bob Marley alikuwa amekufa Mei 1981, na makampuni ya London yalikuwa yakitafuta nyota mwingine kutoka kwa watu weusi. Waliangalia Afrika. Nyota wa namna ya Marley hawakumpata, na haraka yao ikaisha. Lakini kwa muda ule mfupi, wana wa Kongo na vijana wa posti-panki walikaa kwenye rafu moja.

Kinachofanya santuri ya kwanza idumu

Watu husema ni kumbukumbu za ujana tu. Jibu hilo halitoshi. Vijana wa Nairobi walioucheza "Kasongo" mwaka wa 2024 hawana ujana wa 1977 wa kuukumbuka. Mimi naona sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba wimbo ulipikwa kabla ya kuingia studio. Orkestra hizi zilipiga kwenye bar karibu kila usiku wa wiki, saa nyingi mfululizo. Wimbo usiopendwa ulikufa hapohapo mbele ya watu, na uliopona ndio uliopelekwa kurekodiwa, wote wakipiga pamoja, mikrofoni chache, pesa ya muda mfupi. Unachosikia kwenye santuri ni kazi iliyokwisha kupimwa. Bendi za Uingereza zilikuwa hivyohivyo: albamu ya kwanza ni nyimbo za miaka miwili au mitatu ya jukwaani, albamu ya tatu ni nyimbo za mkataba.

Ya pili ni nafasi. Sikiliza "Shauri Yako", wimbo wa Nguashi Ntimbo ambao Super Mazembe waliurudia ukapata sifa Afrika Mashariki yote. Gitaa la rithimu halimwingilii mi-solo, mi-solo haimfuniki solo, na besi inatembea peke yake chini. Kila mtu anasikika. Kwa sababu hiyo kijana anaweza kukaa na santuri ile akajifunza sauti mojamoja, na ndivyo wapiga gitaa wengi wa makanisa yetu walivyojifunza, hata kama wanaimba zaburi. Posti-panki nayo ilisifiwa kwa jambo hilo: besi ya Peter Hook wa Joy Division ndiyo iliyoshika wimbo, gitaa likabaki kutia rangi. Muziki ulioachiwa nafasi, msikilizaji anapata pa kuingilia. Miaka ya 1980 ilipoleta vinanda vya umeme na ngoma za mashine, nafasi ile ilijazwa. Leo kinachosikika cha zamani ni mashine hizo, wakati magitaa ya 1977 bado mabichi.

Ya tatu ni maneno. Waimbaji hawa walikuwa watu wa mbali na kwao, wakiwaimbia Wakenya na Watanzania ambao nao walikuwa wameacha kijiji kutafuta kazi mjini. Mume aliyepotea, mapenzi yaliyopuuzwa, barua isiyojibiwa. Walichanganya Lingala na Kiswahili. Asiyeelewa neno alielewa kilio. Na nani katika Kivu ya leo hana mtu aliye mbali? Tangu vita vya 1996 karibu kila nyumba ina mtu Kampala, Nairobi, Bujumbura, kambini au ng'ambo. "Kasongo, rudi nyumbani" inaweza kuwa ujumbe wa simu uliotumwa leo asubuhi.

Tofauti iliyopo

Basi kama nyimbo zao na zetu zina nguvu sawa, kwa nini zao zinajulikana majina, tarehe na wapigaji wote, na zetu zinaitwa "za zamani" tu?

Jibu ni kwamba kwao kuna waliotunza. BBC ilikuwa na mtangazaji John Peel, ambaye alizipigia bendi hizo changa milango ya redio, akazirekodi, na kanda zikawekwa. Mtu huyo huyo alipenda magitaa ya Kongo na Zimbabwe akayapiga katika vipindi vyake hadi alipofariki mwaka wa 2004. Magazeti yaliandika. Makampuni yamechapa upya albamu zile mara nyingi, na kila mara wenye nyimbo au familia zao wana haki ya kupata kitu.

Tanzania nayo ilifanya jambo. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo Radio Tanzania iliita orkestra studioni kwake, ikarekodi na kuweka kanda. Ndiyo maana nyimbo za Maquis na Makassy za miaka ile bado zipo.

Huku kwetu? Redio za Kivu zimefungwa na kuporwa, baadhi yake zaidi ya mara moja. Mwizi anayebeba kompyuta hajui kwamba anabeba na nyimbo. Tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 Februari 2025, watu wengi wamehama wakiacha nyumba na vyote vilivyomo. Kaseti haiingii katika mzigo wa mtu anayekimbia na mtoto mgongoni. Na wanamuziki wenyewe, wengi walilipwa mara moja siku ya kurekodi, basi. Wimbo ukipigwa mara milioni kwenye simu, pesa inajua njia ya kwenda kwa kampuni. Njia ya kwenda kwa mjane wa mpiga besi haijachorwa.

Sisi wa Lwiro hatuna kisingizio cha kutojua maana ya kutunza. Hapa kuna kituo kilichoundwa mwaka wa 1947 kwa jina la IRSAC, ambacho leo ni CRSN. Ndani yake kuna mimea iliyokaushwa, wanyama, wadudu, mawe, na maktaba ambayo watafiti wanatoka mbali kuiona. Vita vimepita, uhuru umepita, serikali zimebadilika, na nyoka wa kwenye chupa bado ana kibandiko chenye tarehe na mahali alipokamatwa. Kama nyoka amepata kibandiko, mpiga gitaa amekosa nini?

Kwa hiyo ninawaomba jambo dogo. Kama baba au shangazi yako ana diski au kaseti za miaka ile, usizitupe na usizimwagie maji ukisafisha nyumba. Soma majina yaliyoandikwa kwenye karatasi ya katikati, yaandike daftarini: orkestra, wimbo, mwaka. Kama mzee bado yuko, muulize alikuwa wapi aliposikia wimbo huo mara ya kwanza, na nani alikuwa akipiga, kisha washa simu umrekodi. Dakika tano zinatosha. Wenzetu wanaotangaza nao, wakipiga "Kasongo", watamke majina: Super Mazembe, kiongozi Mutonkole Longwa Didos, kutoka Kongo. Halafu waache sebene lifike mwisho.