Redio za kujitolea wakati wa maafa: kujipanga kabla mto haujapanda

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha juu ya Uvira. Mto Mulongwe ulitoka katika njia yake, ukashuka na mawe na matope mpaka ndani ya makartie. Makumi ya watu walikufa, na makumi ya maelfu walibaki bila makao. Sisi wa Kilibula na wa kartie za jirani tunakumbuka asubuhi ile: kila mtu akimtafuta mtu wake, na kila habari ikija mara tatu kwa namna tatu.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi sana. Maji yale hayakuanzia mjini. Yalianzia milimani, na kule juu kuna watu. Mtu anayeishi karibu na mto juu husikia mngurumo kabla ya mama aliyelala na watoto chini, upande wa ziwa. Kati ya hao wawili njia iliyopo ni simu. Lakini kila mkaaji wa hapa anajua simu ilivyo usiku wa mvua: umeme umekatika, betri imekwisha, rezo hakuna, au mwenye simu ameizima alale.

Makala hii ni kwa makanisa na vikundi vinavyouliza kama redio za sauti zinaweza kuziba pengo hilo. Zinaweza. Ila chombo chenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni watu, kibali na mazoezi, na yote matatu hutafutwa wakati wa jua.

Redio gani tunayoizungumzia

Hatusemi juu ya redio za FM. Hizo husema na watu wengi, na faida yake ni kubwa, lakini mwenye shida hawezi kuzijibu. Tunasema juu ya redio ambayo mtu husema na kusikia, kama fonie ambayo wazee wetu waliiona kwenye misheni na hospitali. Katika jimbo letu, kabla ya simu za mkononi, fonie ndiyo iliyoita ndege, iliyotafuta dawa na iliyotangaza misiba kati ya vituo vya mbali. Kwa hiyo hatuanzi na kitu kigeni.

Duniani kote wako watu wanaoitumia redio ya namna hii bila mshahara. Kwa Kifaransa huitwa radioamateurs. Kwa Kiswahili wengi husema redio ya ridhaa. Mwenye redio ya ridhaa hufanya mtihani, hupewa kibali na alama yake ya kuitia. Alama za Kongo huanza na 9Q, za Burundi 9U, za Tanzania 5H, za Kenya 5Z. Hawaruhusiwi kufanya biashara hewani, wala kusema kwa mafumbo ya siri. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003 uliweka wazi kwamba wakati wa maafa wanaweza kupeleka ujumbe kwa niaba ya watu wengine.

Uingereza iliunda mtandao wake wa kujitolea, RAYNET, baada ya mafuriko ya bahari ya 1953. Mfano unaotufaa zaidi ni wa visiwa vya Andaman, India. Mwezi Desemba 2004 kikundi kilichoongozwa na Bharathi Prasad kilikuwa Port Blair na redio zao, kwa ajili ya mchezo wao tu wa kuongea na dunia. Tarehe 26 tsunami ikapiga. Simu zilipokatika, redio zile ndizo zilizopeleka habari za waliopona kwa ndugu zao bara. Waliweza kwa sababu antena ilikuwa tayari juu na kibali tayari mkononi. Kama wangeanza kuomba siku ile ya tarehe 26, wangekuwa wanaandika barua wakati watu wanalia.

Kibali, na kwa nini hapa kina uzito zaidi

Hili nalisema polepole. Katika nchi yenye vita, mtu anayesema ndani ya kijichombo chenye antena usiku hatazamwi kama msaidizi. Anatazamwa kama mpelelezi. Kijana mmoja akikamatwa na redio isiyo na karatasi, si yeye tu atakayeumia. Hakuna atakayekubali kuishika tena.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kununua. Hatua ya kwanza ni kuuliza ARPTC, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, kibali cha namna gani kinahitajika na kwa masafa yapi. Kikundi kinaweza kufuata njia ya redio ya ridhaa, au kuomba masafa ya shirika kama kanisa au hospitali. Hizi ni njia mbili tofauti na zisichanganywe: masafa ya ridhaa si ya kuendeshea kazi za kila siku za ofisi ya kanisa. Nakala ya kibali ikae na kila mwenye redio. Chefu wa kartie, meya, Protection civile, Msalaba Mwekundu na wakuu wa usalama waone orodha ya watu na vyombo. Waalikwe pia kusikiliza mazoezi. Siri ndiyo adui wa kazi hii.

Kuna kanuni mbili ambazo kwangu hazina mjadala. Ya kwanza: hatusemi hata neno moja hewani juu ya askari, silaha au mwendo wa kikosi chochote. Tunasema maji, daraja, majeruhi, chakula, njia. Ya pili: tunasema Kiswahili wazi. Kila mmoja anapenda lugha ya mama yake, lakini jirani akisikia lugha asiyoielewa ikitoka kwenye redio usiku, hofu inaanza.

Milima, ziwa na mawimbi

Uvira imebanwa kati ya mlima na ziwa. Redio ndogo ya mkononi ya VHF, yenye nguvu ya wati 5, hupenda kuonana uso kwa uso. Kutoka ufukweni kwenda mlimani inasikika vizuri. Kutoka bonde moja kwenda bonde lingine, hata karibu, inaweza kunyamaza kabisa. Njia ni kumweka mtu mmoja mahali pa juu panapoona pande zote, arudie ujumbe: anasikia Kavimvira, anawaambia Kalundu. Mashine ya kurudia yenyewe ipo, lakini ina bei, inahitaji umeme, na inaibika. Mtu mwenye daftari anatosha kuanzia.

Kwa Bukavu, Baraka, Fizi na Hauts Plateaux, VHF haitoshi. Hapo tunahitaji fonie ya HF. Watu wengi hufikiri antena ikiwa juu sana ndiyo bora. Kwa umbali huu wa kilomita mia moja au mia mbili ni kinyume: waya ulionyoshwa mita 4 au 5 tu kutoka chini hupeleka mawimbi wima, nayo hurudishwa na tabaka la juu la anga na kuanguka pande zote, hata nyuma ya mlima. Kwa masafa ya megahezi 7, waya mzima una urefu wa karibu mita 20, umekatwa katikati. Mchana megahezi 7 hufaa. Usiku hushuka mpaka megahezi 3 na nusu, ambako kelele za radi ni nyingi.

Na radi si kelele tu. Milima ya Kivu ni kati ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani. Dhoruba ikiwa juu ya kichwa, antena ya nje hung'olewa kwenye chombo na kutupwa nje ya dirisha. Ndiyo, ni wakati uleule tunaouhitaji. Kwa sababu hiyo onyo la mto litegemee redio za mkononi, mtu akiwa ndani ya nyumba, na fonie ya mbali ingoje dhoruba ipite.

Betri huwashinda wengi. Fonie ya wati 100 hula karibu ampea 20 inaposema na karibu 1 inaposikiliza tu. Ikiachwa wazi siku nzima, inamaliza nusu ya betri ndogo ya gari kabla hujasema neno. Afadhali kupatana saa: wote hufungua kila saa kamili, dakika kumi, kisha hufunga. Betri ya gari hulindwa isishuke chini ya nusu, na paneli ya jua huijaza.

Kusema kidogo, kuandika yote

Nimeona watu hodari wa mimbari wakishika redio na kusahau kuachia kitufe. Mahubiri hayafai hapa. Mtandao una kituo kiongozi kimoja. Wengine husema wanapoitwa, isipokuwa mwenye habari ya uhai wa mtu. Ujumbe huandikwa kwanza, ndipo husomwa: namba, saa, kutoka wapi, kwenda kwa nani, jambo, na ameona nani. Kwa mfano: «Ujumbe namba 3. Saa 02:10. Kutoka kituo cha juu kwenda kituo kiongozi. Maji yamefunika jiwe la alama, yana matope na miti. Nimeona mwenyewe.» Anayepokea anausoma tena wote kabla ya kusema amepokea.

Saa iandikwe kwa tarakimu 24. Kwetu mmoja akisema saa mbili anafikiri asubuhi, mwingine anafuata Kifaransa na kuelewa saa nane za usiku. Katika mafuriko tofauti hiyo ni mtu.

Lile «nimeona mwenyewe» lina kazi yake. Tarehe 4 Mei 2023 mafuriko ya Kalehe yaliharibu Bushushu na Nyamukubi na kuua zaidi ya watu 400. Katika msiba wa namna ile uvumi huenda haraka kuliko wasaidizi. Aliyesikia kwa mwingine aseme amesikia. Majina ya waliokufa hayatangazwi hewani. Idadi inatosha, na majina huenda kwa karatasi na motari mpaka kwa familia. Mama asipate habari ya mwanawe kutoka redio ya jirani.

Amri ya kuhama si yetu pia. Tunapeleka habari kwa chefu wa kartie na kwa Protection civile, wao wanatoa amri, na hapo kengele za makanisa, filimbi na megafoni za misikiti hufanya kazi ambayo redio haiwezi: kumwamsha aliyelala. Ni lazima makubaliano hayo yafanywe mapema na majirani wa dini zote. Hata Nehemia, watu wake walipotawanyika mbali mbali ukutani, alimweka mpiga tarumbeta karibu naye.

Kwa kuanza, vituo vitano vinatosha: kimoja juu karibu na mto, kimoja mahali panapoona pande zote, kiongozi katikati, kimoja kwenye kituo cha afya, kimoja ufukweni kwa wavuvi, maana mwaka 2024 tuliona ziwa lenyewe likipanda na kuingia nyumbani. Kila kituo kiwe na watu watatu, siyo mmoja, na wamama wawemo. Mara nyingi ndio wanaokuwa nyumbani usiku. Jumamosi jioni, robo saa, kiongozi anaita kila kituo kwa zamu na kuandika nani amejibu. Asiyejibu anatembelewa Jumapili baada ya ibada. Mara nyingi sababu itakuwa ndogo: betri haikuchajiwa, au redio imefungiwa ofisini na mwenye ufunguo amesafiri kwenda Bujumbura.